Shingo ya Baba Yako

Fe'ao,

Nimeenda na kina mama kuponda magome ya kutengenezea nguo, nitarudi jioni. Washa moto wa shimoni, uoke vile vifurushi vya majani ya magimbi na nyama. ~~Kikubwa ni cha baba yako.~~ Kikubwa usikiguse.

Ulipokuwa shambani asubuhi, baba yako alimchokoza dada yako. "Kalolaine, umesomea tiba ya viungo huko Suva, na kichwa changu ni mwiko mtoto kukigusa. Shingo hii utaitibu kwa macho?" Iliniuma. Nikataka kuishika mimi, baba yako akaruka kando. Bado anakumbuka nilivyoivuta jana.

Kalolaine akasimama nyuma yake, mikono mgongoni. "Baba, tuanze na mkunjo: kidevu kifuani, polepole. Sasa mkunjuo: uso juu. Mwinamo wa pembeni: sikio lifuate bega, bega lisipande." Kila mwendo wa shingo anaujua kwa jina, na shingo ile ngumu ikamtii. Hakumgusa hata unywele.

"Mwisho, mzunguko. Kidevu kiende begani."

Tangu arudi juzi, kwa heshima anakaa nyuma ya baba yake, na baba hawezi kugeuka. Leo kidevu kilienda, kikaenda, mpaka baba akamwona. Akamtazama weee.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu?"

Mchana mkumbushe baba yako mazoezi, kwa mdomo tu. Na kile kifurushi kikubwa ni cha dada yako. Baba yako ndiye kasema.

Mama yako