Neno alilomwitia mdogo wangu

Jumamosi, Umbilo. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo nimeanika ndani na hazikauki. Sina hamu ya kitu chochote.

Leo amekuja Rodel, Mfilipino aliyekuwa baharia pamoja na marehemu mdogo wangu, Saidi. Meli yao imefunga gati hapa Durban jana. Kaniletea begi la Saidi: kanzu, redio ndogo, kofia mbili. Huu ni mwezi wa tatu tangu azikwe ugenini.

Kila akimtaja anasema "utol". Nikamuuliza ndiyo nini. Akaniambia ni neno la mtaani kwao, la kumwita ndugu. Limefupishwa kutoka kaputol, na ndani yake mna putol, yaani kukata. Watu waliokatwa kutoka kitu kimoja. Siku hizi hata rafiki wanamwita hivyo, hata dereva wasiyemjua. Ila yeye na Saidi walilala chumba kimoja miaka minne, na hakulisema kwa mazoea tu.

Na mimi wa tumbo moja miaka yote hiyo sikuongea naye.

Mama alipofariki Tanga, Saidi alikuwa baharini, hakuwahi maziko. Nilimwambia kwenye simu asinijue tena, nikaifungia namba yake. Nilijua fika kwamba meli haigeuzwi kwa msiba wa mtu mmoja. Nilitaka tu mtu wa kumlaumu.

Halafu Rodel akanishika mikono yote miwili. "Dada, asante kwa pilau."

Pilau gani?

Kumbe kila walipofika Durban Saidi alishuka, akarudi jioni na bakuli la pilau, akawagawia wenzake. Eti ya dada. Eti dada hakutaka aondoke, amelia sana. Eish. Hata mlango wangu hakuwahi kuugonga. Sijui alikuwa akiinunua wapi, labda Greyville, wala sijui alizunguka wapi kutwa nzima akingoja jioni.

Nikamjibu, "Karibu." Ukweli ulinishinda kuusema.

Wakati wa kuaga akaniomba niwapikie tena, ili wale kwa kumkumbuka Saidi. Wanaondoka kesho jioni.

Nimeshanunua nyama na bizari, nimekaa jikoni nalia. Ningeweza kununua ya dukani nikaitia kwenye bakuli, uongo wa Saidi ukabaki mzima. Sitaki. Nitapika mwenyewe. Rodel akionja tu atajua mkono si ule, na akiniuliza nitamwambia yote.

Saidi, mdogo wangu, pilau ya dada ndiyo hiyo ya kesho. Wataila wenzako.