Kanzu za Baba Mwaka Huu

Dada Maha, malkia wa mikoba huko Unguja,

Salamu nyingi. Mie mzima, na uzuri umezidi, waulize vijana wote wa mtaa wetu huku Azaiba. Siku hizi sinunui ovyo kama wewe. Mwaka mzima nimenunua vitu vitatu tu. Makubadhi ya ngozi, na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Nilipoivaa Idi, watu waligeuza shingo. Cha tatu ni kanzu ya baba, sawa na zile zake, ila nyembamba.

Mama kanikataza kukuandikia haya. Baba anaumwa, dada, na anakonda. Kanzu zilikuwa zikimning'inia, akijitazama kwenye kioo hataki tena kwenda hata msikitini. Ndipo nikamnunulia hiyo, na zile za zamani nikazipeleka kimyakimya kwa fundi azipunguze. Moja akaibana kupita kiasi. Baba akaivaa, akacheka: "Azzam, nnanenepa! Kanzu yanibana." Nikamwambia apunguze wali. Ijumaa ile akaenda kuswali. Mie nikajifungia chooni nikalia, na uzuri wangu wote.

Jana nimezirudisha kwa fundi mara ya tatu. Kashika mkasi, nikamzuia mkono. Nimemwambia asikate, kitambaa akikunje ndani, huenda tukaja kukifumua.

Njoo upesi, mikoba iache. Na ukimwona baba, usilie. Mwambie kanenepa.

Mdogo wako, mzuri kuliko nyote,
Azzam