Laini Yetu Inahama

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Nimefunga aproni, nimebeba kikapu, nimeenda kuchuna chai kama kawaida. Mashine zilikuwa zimetutangulia. Supavaiza akatuita pembeni. Kazi ya mikono inaisha mwezi huu, na nyumba za kampuni, laini yetu nzima, turudishe. Hakuna aliyelia. Tumechoka tu.

Jumatano, 12 Machi
Jirani wa kushoto amerudi Siaya. Wa nyuma ameenda Nyamira. Mwingine anajaribu Narok, atalima. Ouma, mume wangu, ameshaamua: Homa Bay, kwa baba yake. Mimi nilizaliwa hapa kambini, Kericho. Homa Bay nakujua kwa matanga.

Ijumaa, 14 Machi
Atieno hataki kwenda. Yuko kidato cha tatu, na Kipsigis, lugha ya hapa, anaongea kuliko Kijaluo chetu. Baba yake amemfokea. Mtoto hajala. Hata mimi. Nina hasira na sijui ni ya nani.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya kanisa Mama Cherono alinishika mkono. Ana shamba dogo la chai ng'ambo ya ua wa kampuni, na binti yake anasoma na wangu.
"Mama Atieno, mwache kwangu amalize shule. Atalala na Cherono."
Nikasema nitafikiria. Uongo. Nilikuwa nimeshakubali moyoni, na nikaona aibu.

Jumanne, 18 Machi
Ouma amekataa. "Uchaguzi unakuja. Kukichafuka, mtoto atakimbilia wapi?"
Nakumbuka ule mwaka wa uchaguzi tulipoambiwa turudi kwetu. Nakumbuka pia waliotuficha: Mama Cherono na mumewe, nyuma ya zizi la ng'ombe. Nikamkumbusha. Akatoka nje akasimama kwenye mvua.

Alhamisi, 20 Machi
Ouma alienda kwa Mama Cherono mwenyewe. Walichoongea hajasema. Amerudi na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, akakiweka mezani.
"Abaki."
Nimefurahi. Nimeumia. Sina nguvu ya kuchagua moja.

Jumamosi, 22 Machi
Lori limekuja. Kitanda, masufuria, kuku. Atieno alipakia bila kuniangalia. Mwishowe akanikumbatia mpaka kitambaa kikanitoka kichwani. Mama Cherono alisimama karibu naye. Ouma alimpa mama huyo mkono, akashindwa kuuachilia.
Njiani tulisimama Chepilat kununua ndizi. Nikanunua za watu watatu.

Jumapili, 30 Machi
Homa Bay. Joto. Watu wa Ouma ni wazuri. Wananiita mtu wa Kericho. Huko Kericho niliitwa mtu wa ziwa.
Atieno alipiga simu mchana. Cherono alikuwa anacheka nyuma yake. Atieno aliniuliza kama nimezoea. Nikasema pole pole. Mtu akamwita, akajibu kwa Kipsigis, akaniambia lazima aende, wanapeleka majani ya chai.
Nikaweka simu. Kisha mama mkwe akanituma maji kisimani. Nikachukua mtungi, nikafika mlangoni, ikabidi nirudi kumwuliza njia.