Mkangazi wa Makaburini

Mazimbu, 3 Juni 2024

Mjomba Thobias,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na kifua cha mama? Mimi mzima, ila silali vizuri. Naandika kwa sababu jambo la makaburi ya ukoo haliombwi kwa simu. Benedikto wa kabichi atakufikishia.

Unamkumbuka yule mdudu wa kijani, anayeng'aa kama kipande cha chupa, aliyetua kwenye kanga yangu tulipomzika bibi? Wataalamu wa zamani walimweka katika ukoo wa wadudu usio wake, kwa kutazama mgongo tu. Nataka kumhamisha, ndiyo kazi yangu ya shahada. Wakaguzi wamenijibu kwamba bila kuona buu wake hawakubali. Mabuu wanaishi ndani ya mti wa mkangazi kama ule wa makaburini kwetu, na kwingine kote nimewakosa. Naomba niingie makaburini na mwalimu wangu. Ukikataa, kazi yangu imekufa.

Mpwa wako,
Jesca

Mazimbu, 14 Juni

Mjomba,

Shikamoo tena. Natumaini kimya chako si ugonjwa. Nilimfuata Benedikto sokoni. "Barua nimempa mkononi, dada. Akaitia mfukoni, akaenda zake." Maneno hayo nayageuza kichwani kutwa nzima. Kama tatizo ni mwalimu, nitakuja peke yangu. Tafadhali nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Mpwa wako

Nyumbani, 20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo unauma lakini jembe nashika. Mama yako anakohoa asubuhi tu.

Sikukasirika. Ilibidi niwangoje wazee wakutane. Mzee Raphael akauliza, "Huyo mdudu kakosa nini mpaka ahamishwe ukoo?" Nikamwambia walimhesabu upande wa baba, mtoto anataka kumrudisha kwa mama yake. "Aa! Ukoo ni wa mama. Basi aje haraka!"

Njooni Jumamosi. Hatutakuaibisha mbele ya mwalimu wako. Jana tumefyeka na kufagia makaburi yote. Mkangazi wako umesimama, nimekataza hata jani lisichumwe. Ule mwenzake mkavu ulioangushwa na upepo, uliojaa matundu na unga, tumeuchoma. Ulikuwa unatia aibu. Kimebaki kipande kimoja, mama yako kakibeba. Anasema kuni za mkangazi ndizo zitakazowapikia wageni.

Mjomba wako

Ujumbe wa simu, Ijumaa 21 Juni, mchana

Mjomba, shikamoo. Barua nimeipata sasa hivi. Asanteni kwa kazi yote, sina kinyongo. Lakini mabuu hawakai kwenye mti mbichi. Walikuwa kwenye ule mkavu. Niliona haya kuomba kuni za makaburini kwa barua, nikasema nitaeleza nikifika. Tafadhali kimbia jikoni kwa mama.

Ujumbe wa simu, Ijumaa, jioni

Mjomba, bado hujasoma. Najua mtandao unashika pale misheni tu. Nimeshaondoka mjini, gari limesimama kwenye tope. Kile kipande kisiguswe. Mwambie mama asikoke moto.

Mwambie hatuna njaa.

Mpwa wako