Fimbo ya Baba Kwenye Gati la Ugalla

Mama Masanja, mke wangu,

Nakusalimu wewe na ng'ombe wangu wote. Mimi mzima kuliko nilivyoondoka.

Nipo huku mto Ugalla, kwenye gati la mbao la zamani, walipokuwa wanapakia nta na asali kwenye mitumbwi. Mimi na maji unajua hatuelewani. Basi mzee anayetembeza wageni hapa ni Mfipa, mtani wetu. Kanipokonya fimbo ya marehemu baba, kaenda kuilaza mwisho kabisa wa gati.

"Wewe Msukuma, ukiitaka ifuate! Au nimwite ng'ombe wako akuletee?"

Ningerudije nyumbani bila fimbo ile? Nikaifuata. Katikati mbao zikacheza, nikaenda kwa mikono na magoti. Watu wakacheka. Nikawaambia, nyie, hata simba anatembea kwa miguu minne!

Nimeichukua, viboko wote mtoni wananitazama kwa heshima. Mtani kaniletea asali ya masega, tumekula miguu inaning'inia juu ya maji. Tamu sana.

Safari nyingine nakuja na wewe. Nitakushika mkono, maana mbao hizi zinamtisha mtu asiyezoea.

Mumeo, mwanaume wa Ugalla.