Shamba ya Kapita

Siku ya Mungu, tarehe 2 mwezi wa sita

Magoti imegoma tena. Niliipaka mawese, nikaitukana, ikakubali. Matembezi ya historia iko kila siku ya Mungu kisha misa. Siye Bakatoliki tunatoka mapema. Baprotestanti banaimba mpaka njaa ibakamate, banatukuta ku njia.

Prof Etungano, mwalimu wa sekondari, njo alianzisha hii mambo. Hakuna mwenye analipwa. Prof iko na filimbi na jile ya manjano juu ya shati. Mi niko na mudomo. Nilisoma mpaka mwaka ya ine ya primere, kisha mwalimu na miye tukachokana. Lakini bageni banafuata miye. Prof anatoa miaka tu. Miaka haichekeshi muntu.

Leo balikuwa bengi: bauguzi, banafunzi, na bamoja ba Bukavu benye viatu ya bei. Tukapita ku ziwa, ku soko, ku magazini ya kuwekea pamba yenye ilianguka. Halafu nyuma ya nyumba yangu, ku matofali yenye ilibaki ku nyumba ya Kapita Samweli. Huyu alikuwa anasimamia pamba ya Bazungu zamani, na fimbo mukononi. Udongo ya majirani yote alinyang'anya. Nikafanya kama kawaida: nikavimbisha tumbo, nikatembea kama bata mwenye kushiba. Nikapiga kelele na sauti yake: «Udongo yangu inaanza ku makalio yangu, inafika mpaka ku kijito! Mwenye anabisha alale chini, apate chake!»

Balicheka mpaka machozi.

Mama Nahimana, jirani yangu, alikuwa anapalilia mihogo yake palepale. Akanitupia kibonge cha udongo. «Papa Asukulu, kapita ulimuona wapi? Wakati ule ulikuwa ungali unakojolea mugongo ya mama yako!» Nikamujibu: «We Murundi, lima. Kucheka ni ya benye inchi.» Akanitupia kingine. Hiki kilinipata.

Jioni alinitumia sombe, majani ya mihogo ya kupondwa. Yeye iko vile.

Siku ya tano, tarehe 7

Prof ameleta kibao. Bati, rangi nyeupe, maandishi meusi: NYUMBA YA KAPITA SAMWELI NA SHAMBA LAKE. Ameisimika ku mupaka ya mihogo. Mama Nahimana akauliza kama kinaweza kufukuza nyani. Prof hakucheka. Huyu mutoto alizaliwa na kravati.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Mugeni mumoja leo, munene, jino ya dhahabu, telefone juu saa yote. Alicheka kupita bote. «Papa, rudilia ile ya kijito!» Nikarudilia. «Tena moja, Papa, ya mwisho!» Nikarudilia tena, na bata, na tumbo. Alinishika mukono na mikono mibili. Niliona raha kabisa. Muzee wa umri yangu anapigiwa makofi, si kitu kidogo.

Siku ya tatu, tarehe 12

Yule wa jino ya dhahabu anaitwa Dieudo. Mujukuu wa Kapita Samweli. Jamaa yao ilihamiaka Misisi zamani, kutafuta dhahabu. Sasa amerudi. Asubui alikuja na bantu na kamba. Balipima kutoka matofali mpaka ku kijito. Balikanyaga mihogo.

Mama Nahimana alisimama na jembe yake. Halafu akakuja ku mulango yangu. Hakunitukana. Akauliza tu: «Ulibaambia nini?»

Ile shamba alipewa na shefu wa zamani, wakati alifika hapa toka Burundi na mutoto mugongoni. Ilikuwa mawe na miiba. Alitoa mawe kwa mikono, moja moja. Ule shefu amekufa. Sasa shefu ni mutoto wake, na yeye anapenda viatu ya bei.

Shefu ameita bantu bote ku kesi, siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu.

Siku ya ine, tarehe 13

Nilienda kwa Prof. Toa kile kibao, nikamwambia. Akatoa miwani, akapangusa, akavaa. «Papa, historia haina upande.» Nikamwambia historia iko na makalio, na leo imekalia mwanamuke wa jirani yangu. Akasema atafikiri. Baprofesa banafikiri kama ng'ombe anavyotafuna. Ng'ombe angalau anatoa maziwa.

Siku ya posho, tarehe 15

Ninaandika na hasira. Kalamu inatoboa karatasi.

Kwa shefu kulijaa. Mama Nahimana alivaa kitenge yake ya kanisa. Akasema maneno yake vizuri: nani alimupa shamba, wakati gani, alilipa kuku na mutungi ya kasiksi, pombe ya ndizi. Bantu balitikisa vichwa: ni kweli. Nikaona tunashinda.

Halafu Dieudo akasimama. Akatoa telefone, akaweka sauti juu.

Miye. Sauti yangu. «Udongo yangu inaanza ku makalio yangu, inafika mpaka ku kijito!» Na vicheko vya bageni nyuma.

Na bantu bakacheka! Kwa shefu, siku ya kesi! Bamama bakashika mbavu. Shefu mwenyewe akaficha mudomo na mukono. Kitu cha haya: karibu nicheke na miye. Nilikuwa muzuri.

Mama Nahimana peke yake hakucheka. Aliangalia ile telefone kama muntu anaangalia nyoka mu nyumba.

Nikasimama. Nikasema nilidanganya. Nikasema mi ni muzee mulevi, kapita hakukuwaka na shamba, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ingine ya kijito. Shefu akaniangalia. «Papa Asukulu, mbele ya bageni bote ulisema kweli, sasa mbele yangu unasema bongo, uongo mutupu?» Nikasema basi ni kweli, lakini alinyang'anya kwa fimbo, nilikuwa namuchekelea, si namusifu! Dieudo akapiga kofi moja: «Basi, munasikia? Alikuwa nayo.»

Shefu akatuma muntu kuangalia kibao. Muntu akarudi akasema iko. Imeandikwa. Shefu akamupa Dieudo shamba. Ikaisha hivyo.

Ukweli niliutoa kwa kuchekesha, baliamini. Bongo nilitoa kwa kusaidia, bakakataa. Shetani alisoma kuliko miye.

Siku ya Mungu, tarehe 16

Prof amefurahi. Amesema mbele ya bageni kwamba kazi yetu imetambuliwa hata kwa shefu. Nilitema mate karibu na kiatu yake. Ilibaki kidogo tu ikipate.

Siku ya tatu, tarehe 19

Nilikamata nyundo, nikapinda kile kibao mpaka ikafanana na chapati. Saa sita Dieudo amekinyoosha. Sasa amemwaga sima ya kujengea chini yake. Alinisalimia na heshima yote: «Jambo, Papa, asante ku kazi.» Ningekuwa na meno, ningemuuma.

Siku ya posho, tarehe 22

Mama Nahimana ameenda. Mutoto wake mwanaume iko na shemeji kule Mboko, batamupa kipande ya kulima, mavuno bagawane. Motari, mwenye pikipiki ya kubeba bantu, alifunga magodoro, sufuria na jembe. Mihogo haijakomaa. Aling'oa yenye aliweza. Imekonda kama vidole.

Nilisimama ku njia na mikono yangu yenye haina kazi. Nikatafuta kitu cha kuchekesha. Haikukuja.

Akasema: «Uko na hadithi mingi, Papa. Mbona ile?»

Motari akawasha.

Siku ya Mungu, tarehe 30

Leo ku matofali sikuvimbisha tumbo. Nikasema: hapa Mama Nahimana alilima. Alitoa mawe kwa mikono. Bamemufukuza juu ya mudomo yangu na kibao hii. Bageni bakaangalia viatu yao. Mudada mumoja wa Bukavu akaweka mukono ku kifua.

Prof akapuliza filimbi. Akanivuta kando. «Papa, ile si historia. Ni habari ya mwezi hii. Historia inangoja.»

Inangoja nini? Nife?

Niliacha bageni palepale. Nikaingia kwangu. Nikafunga mulango na kiti.

Siku ya tano, tarehe 19 mwezi wa saba

Nilimutuma motari wa Mboko na salamu. Akarudi akasema Mama Nahimana alisikia. Hakutuma kitu.

Siku ya Mungu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Mvua imeanza. Ku avenue yetu bote banalima. Harufu ya udongo kila fasi.

Dieudo amezungusha seng'enge, amerudi Misisi. Hakupanda kitu. Majani imefika ku magoti. Mbuzi ya muntu imeingia, hakuna mwenye anaifukuza.

Bageni balipita na Prof. Nilikuwa napanga samaki ndagala ku jua, jua yenye ilibaki. Prof anafanya ile yangu sasa, ya kijito. Kutembea kama bata hawezi. Bakacheka hivyo hivyo, bakashuka ku ziwa.

Mwanafunzi mumoja, binti, alibaki nyuma ku seng'enge.

«Papa, hapa nani analima?»

Nikasema: hakuna muntu.

Akanishukuru, akabafuata.