Kikao cha Kumshukuru Aliyemwaga Oili

KAMATI YA KULINDA KIJITO
Kumbukumbu za kikao cha saba, Jumamosi alasiri, darasa la chekechea (viti vidogo, wajumbe walivumilia).

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (mshonaji), Kinyozi, Mama Mboga, Katibu.
MWALIKWA: Fundi Magari, mdogo wake Mwenyekiti.
ASIYEHUDHURIA: Mweka Hazina, kwa udhuru ule ule.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika. Fundi alikaa karibu na mlango. Mwenyekiti hakumsalimia; hawajasemeshana tangu oili chafu ya gereji ya Fundi iingie kijitoni na shambani kwa Mama Mboga.

KUMB. NA. 2/7: MAJIBU YA VIPIMO
Katibu alisoma majibu ya maabara: udongo wa shamba sasa ni salama kupandwa. Mama Mboga aliomba yasomwe tena. Yalisomwa. Alimshukuru Mungu, kisha majirani waliomlisha misimu yote ambayo hakupanda.

KUMB. NA. 3/7: SHUKRANI
Kinyozi alikumbusha kwamba Fundi alihamisha gereji bila kusukumwa, akauchimba udongo mchafu kwa mikono yake na kuupeleka kwenye shimo la taka la manispaa. Alipendekeza kamati imshukuru.

Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono. Kwa katiba yetu Mwenyekiti na Katibu hawaungi mkono hoja, hivyo alibaki Mama Mboga, naye alikuwa akitazama dirishani. Mwenyekiti alisema hoja itaanguka, na kwamba aliyelikoroga amelinywa, yatosha. Fundi alieleza kwamba hakuja kutafuta shukrani, alikuja kusikia kama udongo umepona. Akainuka aondoke.

Mama Mboga alisema: "Kaa, mwanangu. Hasira ninazo bado, sikufichi. Lakini shamba langu umenirudishia. Naunga mkono."

Hoja ilipita. Mama Mboga aliongeza kwamba Jumatatu Fundi aje na jembe, spana aziache nyumbani. Fundi alikubali, kwa sauti ndogo.

KUMB. NA. 4/7: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba kusema nje ya ajenda. Alimwambia Fundi: "Mdogo wangu, leo utakula kwangu."
Kinyozi aliuliza kama mwaliko ni wa kamati nzima. Alijibiwa kwamba sivyo.

KUMB. NA. 5/7: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba hakulia. Imeandikwa.

Mwenyekiti: ..................
Katibu: ..................